Kweli au uongo: vijana waliofia vita vya 1914

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa Afrika Mashariki kwa miaka minne na zaidi. Kuna mambo yanayorudiwa kuhusu vijana waliokufa humo, na mengi hayasimami.

"Waliuawa kwa risasi." Uongo. Kilichoua zaidi ni ugonjwa, na mara nyingi ugonjwa wenyewe ulichochewa na njaa. Waingereza pekee walichukua wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja. Kwa hesabu zao wenyewe, zaidi ya 95,000 walikufa. Posho ilikuwa unga wa mahindi, na mara nyingi hapakuwa na kuni kavu wala nafasi ya kuupika ukaiva. Kijana wa Uganda aliyekuzwa kwa matoke alikula unga huo nusu mbichi, akaharisha damu, na asubuhi akatwishwa mzigo uleule. Mapema mwaka 1917 mto Rufiji ulifurika, chakula kikakwama njiani, watu wakafa njaa huku jeshi lao likihesabiwa kuwa linashinda. Malaria na kichomi vilimaliza waliobaki hoi. Kijana wa namna hii hakushindwa na adui. Walimuua waliomwandikisha bila kujali atakula nini.

"Walikwenda kwa hiari." Kweli kwa wachache. Wapo walioshika bunduki kwa ajili ya mshahara na heshima ya askari. Wapagazi ni habari nyingine: nchini Kenya, sheria ya 1915 iliruhusu kuwachukua kwa nguvu, na 1917 machifu waliamriwa kutoa vijana.

"Askari wa Mjerumani hawakumwacha hadi mwisho." Uongo uliopendwa sana Ujerumani. Maelfu walitoroka. Kamanda wao, Von Lettow-Vorbeck, aliposalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, alibakiwa na askari 1,100 na ushei. Ilikuwa tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kuacha kupigana.

"Vita viliwahusu walioandikishwa tu." Uongo. Waulize Wagogo habari za Mtunya, njaa iliyofuata majeshi kuchukua nafaka, mifugo na nguvu kazi yao.

"Wamekumbukwa; sanamu ipo." Nusu kweli. Sanamu ya Askari imesimama Dar es Salaam tangu 1927, lakini wafu wenyewe haikuwataja kwa majina. Mzungu aliyekufa alipata kaburi lenye jina lake, mpagazi akaachwa porini. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni.

Radhi haitaji majina. Kama katika ukoo wenu yuko aliyekwenda vita hivyo asirudi, kaeni na wazee mwaka huu. Andikeni jina lake, la baba yake na la kijiji alichotoka.