Ukienda Limuru utarudi bila imani? Kweli na uongo kuhusu vyuo vya theolojia vya kiekumene

Kijana akisimama mbele ya wazee wa kanisa na kusema ameitwa kuwa mchungaji, makofi hulia na vigelegele hupigwa upande wa akina mama. Akitaja chuo anachotaka kwenda, na chuo chenyewe kikawa kile ambacho Mwanglikana, Mpresbiteri na Mmethodisti huketi dawati moja, makofi hupungua. Nimeketi kwenye vikao vya aina hiyo, upande wa wazee, na maneno yanayofuata ni yale yale kila mara. Nayajibu hapa kwa sababu wapo vijana wanaonyimwa barua ya kanisa kwa ajili ya maneno hayo.

"Aliyeitwa na Mungu hahitaji darasa."

Uongo. Apolo alikuwa msemaji hodari na Maandiko aliyajua, lakini Priskila na Akila, mafundi wa kushona mahema, walimchukua kwao wakamfundisha yale aliyopungukiwa. Hakuna aliyesema kwamba kwa kukubali kufundishwa alikuwa ameupoteza wito.

Tuna ushahidi wa nyumbani pia. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwawekea mikono William Jones na Ishmael Semler kuwa mashemasi wa Kianglikana. Wote wawili walikuwa wamekombolewa kutoka utumwani wakiwa wadogo, wakasomeshwa Nasik, India, kisha wakarudi kufanya kazi pwani yetu. Mwaka huo huo Hannington aliuawa Busoga, na aliyewaongoza waliosalia wa msafara wake hadi Rabai alikuwa Jones. Kwa hiyo huduma ya Waafrika katika kanisa la pwani ilianza na watu waliopitia minyororo na ubao wa shule, yote mawili.

Chuo cha Limuru, Kenya, mfano wangu wa vyuo hivi, kimechipuka kwenye udongo ule ule wa pwani. Kilianza mwaka 1903 kama shule ya theolojia pale Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru karibu na Mombasa, penye kengele iliyolipa eneo jina la Kengeleni. Mwaka 1930 kikahamia Limuru. Kila ninaposikia mtu akisema theolojia inayozungumzia uhuru wa watu ni mtindo mpya, nawakumbuka wanafunzi wale wa kwanza. Sidhani kama ilimpasa mwalimu kuwaeleza kwa nini kitabu cha Kutoka kimo katika Biblia.

"Chuo cha mchanganyiko kitamfanya aache kanisa lake."

Uongo, na hili ndilo lenye madhara makubwa zaidi.

Kwanza, chuo hakimwekei mtu mikono. Kanisa lake ndilo linalompeleka kwa barua, ndilo linalompima akirudi, na ndilo linaloamua kama atakuwa mchungaji au la. Akiwa chuoni, Mwanglikana bado anajifunza ibada na kanuni za Kianglikana, na Mpresbiteri anajifunza jinsi baraza la wazee linavyoongozwa. Katikati ya miaka ya 1950 Wamethodisti na Wapresbiteri waliungana na Waanglikana kuendesha chuo cha Limuru, na baadaye Kanisa la Reformed la Afrika Mashariki likaingia. Tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Miaka yote hiyo wachungaji wamesoma pamoja, na makanisa hayo bado ni mbalimbali, kila moja na mavazi yake na mabishano yake. Hata mazungumzo ya miaka ya 1960 ya kuunda kanisa moja la Afrika Mashariki hayakuzaa kanisa hilo. Kama lengo lingekuwa kuyeyusha madhehebu, chuo kingekuwa kimeshindwa vibaya sana.

Mabadiliko yapo, lakini ni ya aina nyingine. Mtu aliyesikia kwamba wale wengine hubatiza watoto kwa kuwa hawaijui Biblia hujikuta analala chumba kimoja na mmoja wao, naye anamkuta anaamka kusali mapema kuliko yeye. Hapo hulazimika kujifunza kwa nini kanisa lake linaamini linavyoamini, maana sasa kuna mtu wa kumuuliza. Wengi huirudia imani ya kwao wakiwa na mizizi mirefu zaidi.

Pili, nawaomba wazee wenzangu waitazame Biblia iliyo mikononi mwao. Palikuwa na wakati Waswahili walikuwa na Biblia mbili: ya Unguja iliyokamilika 1891, kazi ya wamisheni wa Kianglikana wa UMCA, na ya Mombasa iliyotoka 1914, kazi ya CMS, shirika lingine la wamisheni wa Kianglikana. Walutheri wa Tanganyika nao wakapata ya Roehl mwaka 1937. Watu wa pande za Unguja na Mombasa walilazimika kuketi pamoja na kubishana juu ya neno moja moja, hadi ikapatikana Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, ile tunayoinukuu kwa moyo misibani na harusini. Muungano ndilo jina lake. Biblia ya Habari Njema iliyofuata miaka ya 1990 iliwakutanisha Wakatoliki na Waprotestanti katika kazi hiyo hiyo. Anayeogopa mikono iliyochanganyika aanze kwa kuifunga Biblia yake.

"Mambo ya umoja wa makanisa yameletwa juzi na wafadhili."

Uongo. Juni 1913 wamisheni wa madhehebu kadhaa walikutana Kikuyu, wakapanga ushirikiano wa karibu na kumaliza kwa kushiriki Meza ya Bwana pamoja ndani ya kanisa la Kiskoti. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alikasirika hata akataka maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda washtakiwe kwa uzushi. Suala likavuka bahari hadi kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Ugomvi huu una zaidi ya miaka 100, na umezaliwa hapa hapa.

"Wakishamfundisha kuichambua Biblia, hataiamini tena."

Hili lina ukweli ndani yake, nami sitalifunika. Mwaka wa kwanza ni mgumu. Mwanafunzi anaonyeshwa kwamba Mwanzo sura ya 1 na sura ya 2 zinasimulia uumbaji kwa mpangilio tofauti. Anaonyeshwa kwamba nakala mbili kongwe na kamili zaidi za Marko zinaishia sura ya 16 mstari wa 8, wanawake wakikimbia kaburini kwa hofu. Anaanza Kigiriki na kugundua kwamba neno alilolihubiria kwa miaka mitano halina maana aliyolipa. Wapo wanaolia usiku. Wapo wachache wanaorudi nyumbani.

Lakini niulize: maswali hayo yataacha kuwepo kwa kuwa mchungaji hayajui? Mtoto wa kidato cha tatu anayasoma kwenye simu yake. Akija kumuuliza mchungaji aliyefundishwa kukemea tu, atakemewa, na kanisani hatarudi. Ni afadhali mchungaji atikiswe akiwa chuoni, mbele ya mwalimu anayesali naye na mwenzake wa chumbani aliyekwisha kupita njia hiyo, kuliko kutikiswa peke yake akiwa na waumini 400 wanaomsubiri. Chuo kikimtikisa kijana bila kumlea, hapo nitakubali lawama. Vyuo vizuri vina kasisi wa chuo, vikundi vya sala na walezi, na mzee anayetaka kupeleka kijana ana haki ya kuuliza kama vipo.

"Theolojia ya maswali ya kijamii ni mzigo wa Wazungu."

Uongo, na hapa nitakaa kidogo.

Neno lenyewe la kuitia theolojia katika mazingira ya watu lilipewa nguvu mwaka 1972 na Shoki Coe, mtu wa Taiwan, aliyeongoza mfuko wa kimataifa wa elimu ya theolojia. Mwaka 1989 Mercy Amba Oduyoye wa Ghana aliwakusanya wanawake wa Kiafrika Accra, ukazaliwa mtandao wao wa wanatheolojia. Mmoja wa waliojitoa kwa kazi hiyo ni Nyambura Njoroge, aliyesoma Limuru na mwaka 1982 akawa mwanamke wa kwanza kuwekewa mikono katika Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki.

Walikusanywa na vilio vya watu. Tukumbuke yaliyokuwa yakisemwa kwenye mimbari zetu miaka ya 1990, maiti zikishuka kaburini kila Jumamosi. Tuliambiwa UKIMWI ni fimbo ya Mungu. Wajane walisikia hayo wakiwa mstari wa mbele, na watoto wao mapajani. Mwaka 1992 Gideon Byamugisha, kasisi wa Kianglikana wa Uganda, alisema hadharani kwamba anaishi na virusi, akiwa miongoni mwa viongozi wa kwanza kabisa wa dini barani kufanya hivyo. Baadaye alisaidia kuanzisha mtandao wa viongozi wa dini wanaoishi na virusi. Baraza la Makanisa Ulimwenguni likaanza kuhimiza vyuo vya Afrika viingize suala hilo katika mitaala, na Limuru ikaanzisha shahada ya uzamili ya huduma ya kichungaji na VVU. Mchungaji aliyepita darasa hilo anajua kuketi kando ya kitanda bila kutoa hukumu. Wengi wetu tulizika ndugu zetu bila mchungaji wa namna hiyo.

Mfano mwingine ni Tamari, binti wa Daudi aliyebakwa na nduguye Amnoni. Kisa chake kimo 2 Samweli sura ya 13, na kalenda nyingi za masomo ya Jumapili hukiruka. Kituo kimoja cha Pietermaritzburg, Afrika Kusini, chenye jina la Kiswahili, Ujamaa, kilianza kukisoma na watu wa kawaida katika vikundi vidogo, na mtindo huo ukapanda hadi Nairobi na nchi za Maziwa Makuu. Kiongozi wa kikundi hahubiri. Anauliza. Ni akina nani wamo katika kisa hiki, na kila mmoja alifanya nini? Watu wakianza kuhesabu, chumba hunyamaza. Binamu alitoa shauri. Baba alimtuma binti bila kuuliza. Watumishi walitoka, na baadaye mmoja wao alimtoa nje akafunga mlango. Kaka yake Absalomu alimwambia anyamaze. Baba alikasirika, lakini hakufanya lolote. Kisha swali la pili: Tamari alisema nini? Hapo hugundua kwamba binti huyu alikataa waziwazi, akatoa sababu, akaonyesha njia nyingine, na baada ya kutendewa uovu hakujificha. Alitia majivu kichwani na kutoka akilia mbele za watu. Swali la mwisho ni kama yuko Tamari katika kanisa letu.

Yeyote aliyeketi katika kikundi cha namna hiyo anajua kinachofuata. Mama mmoja hujikohoza, na kusema jambo alilolibeba miaka 30. Mchungaji asiyefundishwa atakimbilia kuomba ili amnyamazishe, kama Absalomu. Aliyefundishwa atasubiri, atasikiliza, atajua pa kumpeleka na sheria inasema nini. Wasioita hilo injili wanieleze injili ni kitu gani.

"Wanawafundisha Uislamu."

Kweli. Chuo Kikuu cha St. Paul's kina kituo cha uhusiano wa Wakristo na Waislamu pale Eastleigh, Nairobi, katikati ya mtaa wa Wasomali. Anayetaka kuwa mchungaji Mombasa, Lamu au Tanga na hajui jirani yake anaamini nini, anasali vipi na anazika vipi, atawaongozaje watu wake siku fitina ikiingia mtaani? Mihadhara ya kutukanana imetufikisha wapi?

"Wakishahitimu, wanawake wanapokelewa kama wanaume."

Natamani ingekuwa kweli. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) liliamua kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwaka 1990. Mwaka 2021 Emily Onyango, mhadhiri wa St. Paul's, akawa askofu wa kwanza mwanamke katika Kanisa Anglikana la Kenya, akiwa askofu msaidizi wa Bondo, na mwaka huo huo Rose Okeno akachaguliwa kuongoza Dayosisi ya Butere. Ni hatua za kushangilia. Lakini makanisa mengine bado hayajafungua mlango, na hata palipofunguliwa, mchungaji mama bado huulizwa kama mumewe amemruhusu. Chuo kilimfundisha yeye. Sisi tuliobaki viti vya nyuma hakuna aliyetufundisha.

"Bila shahada si mchungaji."

Uongo mtupu. Vijijini, kanisa linasimama kwa wainjilisti ambao wengi hawajawahi kuvaa joho. Ndiyo maana theolojia kwa enezi, iliyoanza Guatemala mwaka 1963, ilipokelewa vizuri hapa kwetu: mtu anabaki shambani au dukani kwake, anasoma kitabu chake usiku, na mara moja kwa wiki anakutana na wenzake na mwalimu. Mwinjilisti niliyemjua alikuwa akija kwenye kipindi hicho na baiskeli yenye magunia ya mkaa, na maswali yake yaliwatoa jasho wenye shahada.

"Ni ghali."

Kweli, tena sana. Ni miaka mitatu au minne ya karo, chakula na vitabu, na mara nyingi kuna mke au mume na watoto nyumbani. Kanisa linaloweza kununua spika mpya na kuezeka upya ukumbi wa harusi linaweza kumsomesha mtu mmoja. Tukutane na kijana kabla hajaondoka, tumpe barua, tumwambie waziwazi tutalipa kiasi gani na kwa muda gani, na likizo ikifika tumwite aje ahubiri na kukaa na wagonjwa. Akirudi na swali tusilolipenda, tumpe kiti, tumwache alimalize.