Mbio Zetu za Barabara ya Mweka

Kila mwaka tangu 2003, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, watu hukusanyika Moshi kukimbia mbio ndefu chini ya mlima Kilimanjaro. Wako mabingwa ambao kukimbia ndiyo kazi yao. Lakini nyuma yao huja umati wa waalimu, wauguzi, wakulima na wanafunzi, wasio na tumaini la kupata kikombe. Marathoni kamili ni kilomita 42 na mita 195. Sisi waalimu wawili tulijiandikisha kwa nusu yake.

Tulijizoeza miezi mitatu, alfajiri kabla ya shule. Kwanza tulienda kilomita tatu, huku tukitembea na kukimbia kwa zamu, kisha tukaongeza kidogo kila juma. Na kwa kuwa mbio hizi hukimbiwa Jumapili, tulipatana na watu wa nyumbani kwamba ibada haitaachwa, bali tutasali jioni.

Lakini wanafunzi wetu walipopata habari, waliahidi kuja kusimama kando ya njia. Hapo ndipo kosa letu lilipoanza. Tangu siku ile hatukukimbia tena kwa ajili ya afya ya mwili, bali kwa ajili ya macho yao.

Siku ilipofika, tulianzia kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Tulijua ya kuwa njia itapanda kuelekea Mweka, kati ya migomba na mibuni, na kwamba impasayo mtu kuanza polepole. Kipimo chake ni chepesi: akimbiaye akiweza kumwambia mwenziwe maneno machache bila kukatika pumzi, mwendo wake ni wa haki. Akipita hapo, huitumia upesi akiba ya nguvu iliyomo mwilini, na mbele ataidai asiipate. Haya yote tuliyajua. Hata hivyo, tulipoona watoto wakipiga makofi, "Mwalimu! Mwalimu!", tulifyatuka kama mishale.

Kabla ya kufika nusu ya kilima, mmoja wetu alikuwa ameshika ubavu, na mwingine pumzi zake zilisikika kama mivuo ya mhunzi. Mama mmoja mwenye mvi akatupita kwa hatua fupi fupi. Akasema, "Poleni, wanangu. Vuteni pumzi, mlima haukimbii." Akaenda zake, wala hatukumwona tena.

Tukatembea kwa aibu. Pikipiki zilikuwa karibu, na shauri la kurudi nyumbani kwa njia ya nyuma lilitujia sote wawili. Ndipo tulipomkumbuka John Stephen Akhwari wa Tanzania. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alianguka akaumia goti. Watu 75 walianza, 57 wakamaliza, naye alikuwa wa mwisho wao, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Akafika akichechemea, mguu umefungwa kitambaa. Basi tukaona haya kuiita shida yetu shida. Tukanywa maji kwenye meza iliyokuwa kando ya njia, tukaendelea, tukitembea penye mwinuko na kukimbia penye mteremko.

Tulipoingia uwanjani jua lilikuwa kali, na watu wengi wamekwisha kwenda zao. Wanafunzi wachache walikuwa wametungoja. Mmoja wao ni kijana ambaye katika hesabu huwa nyuma ya darasa daima, nasi tumemkemea mara nyingi kwa ukawiaji wake. Alitupa maji, akatutazama kitambo, akauliza, "Kumbe hata Mwalimu hubaki nyuma?"

Tukajibu, "Ndiyo, mwanangu. Leo tumebaki nyuma, lakini tumefika."

Akacheka. Sisi hatukucheka sana, maana tulikumbuka jinsi tulivyozoea kumharakisha, wala hatukuwahi kumpa neno kama lile la mama mwenye mvi.

Jioni tulikuwa kanisani, ingawa kupiga magoti kulikuwa kazi. Jumatatu tulianza somo la hesabu kwa mwendo mwingine. Nanyi wazazi na waalimu, mkitaka kujaribu mbio za namna hii, anzeni kidogo, viatu viwe vilivyozoea mguu, na wenye ugonjwa wamwone mganga kwanza. Tena, mkipanda kilima, msiangalie nani anawatazama.