'Panya' yupi, 'umeme' upi? Maneno ya kupima moyo maabarani

Mama mkubwa wangu, anayekaa Kizingo, si mbali na barabara ya Mama Ngina, alikataa mara tatu kupimwa moyo. Si kwamba alikuwa mzima. Kwa miezi kadhaa alikuwa akilalamika kwamba moyo wamruka, halafu wampapatika, halafu watulia kana kwamba hapakuwa na jambo. Daktari akamwandikia kipimo. Muuguzi, kwa nia njema kabisa, akamweleza, "Mama, tutakupima umeme wa moyo." Bi mkubwa akachukua mkoba wake, akarudi nyumbani. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu, "Mwanangu, mimi nitiwe stima moyoni? Na umri huu?"

Wasomaji wa safu hii wanajua kuwa sichelewi kuwalaumu watafsiri. Safari hii nilikosa pa kuiweka lawama. Muuguzi hakukosea. Moyo una umeme wake, na huo ndio unaopimwa. Ila kwa mtu wa pwani, umeme ni ule wa masika unaopasua mnazi, na stima ni ile ya kwenye waya, inayouma na inayokatika usiku. Hakuna kati ya hizo inayotoka ndani ya mtu. Kisha tazama kitenzi chenyewe, kupima. Tukisema mtu amepimwa damu, tunajua alitobolewa sindano. Basi mgonjwa anayeambiwa atapimwa umeme ana haki ya kuuliza atatobolewa na nini.

Mambo yangeishia hapo kama binti wa ndugu yangu hangekuja likizo. Anasomea sayansi ya tiba katika chuo kikuu kimoja huko bara, na kazi yake ya mwaka huu ni kurekodi umeme wa moyo wa panya wa maabara. Alitakiwa aandike muhtasari wa Kiswahili kwa wasio wanasayansi, akaniletea niunyooshe. Ukurasa wa kwanza ulisema moyo wa panya hupiga mara 350 kwa dakika. Ukurasa wa pili ukasema moyo wa panya hupiga mara 600. Nikatia alama nyekundu, nikijiona hodari.

"Ami, zote mbili ni sahihi," akaniambia. "Huyu ni panya yule mkubwa, na huyu ni mdogo."

Nilitahayari. Maabara zina wanyama wawili tofauti, na sisi tunawaita wote jina moja. Mdogo ana uzito wa gramu 20 hadi 30, na akiwa macho moyo wake hupiga mara 500 hadi 700 kwa dakika. Mkubwa anaweza kumzidi uzito mara 10 au zaidi, na mapigo yake ni kati ya 300 na 450 hivi. Wewe msomaji, ukikaa kwa utulivu, ni 60 hadi 100. Kwa muda ambao moyo wa mama mkubwa umepiga mara moja, wa yule mdogo umeshapiga mara 8 hivi.

Jikoni tofauti hiyo haina maana, kwani wote wawili wanakula unga. Lakini mtu akisoma gazetini kwamba dawa fulani "imejaribiwa kwa panya" hajaambiwa mengi. Mimi napendekeza panya kwa mkubwa na kipanya kwa mdogo. Najua kipanya ni kile cha tarakilishi, na Dar es Salaam watu wamepanda vipanya vya abiria. Haidhuru, hakuna atakayedhani tumepima moyo wa basi. Buku tusimguse, kwa kuwa ana mwenyewe: ndiye panya mkubwa wa Morogoro anayefunzwa kunusa mabomu ya ardhini.

Pana mgugunaji wa tatu anayestahili jina lake, yule ambaye Tanzania wengine humwita simbilisi. Binti alinieleza sababu. Baada ya kila pigo, moyo hujitayarisha upya kwa pigo linalofuata. Baadhi ya dawa huchelewesha matayarisho hayo, na kwa binadamu hilo laweza kuua ghafla. Halofantrini, iliyokuwa dawa ya malaria, iligunduliwa kuwa na kasoro hiyo. Sasa panya na kipanya hujitayarisha kwa njia isiyofanana sana na yetu, kwa hivyo dawa yaweza kupita kwao salama na bado ikamdhuru mtu. Moyo wa simbilisi unatukaribia zaidi katika jambo hili. Tukiwaita wote panya, tumemficha msomaji habari aliyoihitaji.

Nikamuuliza vipimo vyenyewe hufanywaje. Njia ya kawaida ni kumlaza mnyama kwa nusukaputi (neno ninalolipenda, nusu yetu na nusu ya Wajerumani), kisha visindano vyembamba hupenyezwa chini ya ngozi ya miguu na kuunganishwa na mashine kwa waya. Hulazwa juu ya kitu chenye joto, kwa sababu akipoa moyo hupunguza kasi, na mtafiti atadhani ni dawa kumbe ni baridi. Nusukaputi yenyewe pia hupunguza mapigo. Na ukimshika akiwa macho anaogopa, yanapanda. Kwa hivyo wanaotaka kuujua moyo wake akiwa katika shughuli zake humtia kidude kidogo chini ya ngozi kwa upasuaji, wakamwacha apone kwa siku kadhaa, kisha kidude hicho kikarusha habari bila waya huku mnyama anakula na kulala kizimbani mwake. Pia kuna vibao ambavyo mnyama husimama tu juu yake na nyayo zake zikatosha. Hapa Kenya majaribio ya aina hii hayafanywi kiholela. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inadai leseni.

Umeme unaosakwa ni mdogo mno, kadiri ya milivolti moja, na kwa kipanya unapita upesi, kiasi kwamba mashine husoma mara 1000 au 2000 kwa kila sekunde ili isipitwe na ncha za mawimbi. Mawimbi hayo yana majina ya herufi, P, Q, R, S na T, aliyoyapa Mholanzi Willem Einthoven, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1924. Kwa mtu, kati ya S na T pana kipande kilicholala, kama maji yaliyotulia. Kwa kipanya kipande hicho hakionekani vizuri. T huanza mara tu S inapomalizika. Anayemsoma kipanya kwa macho ya kumsomea mtu atapotea.

Mama mkubwa alikuwa ameketi pale pale, akijifanya anachambua mchele. Akauliza, "Na huyo panya naye atiwa stima?"

"Hatiwi kitu, nyanya. Asikilizwa tu."

Hapo nikakumbuka kisa ambacho ningemsimulia mapema kama ningekuwa na akili. Mwaka wa 1887, jijini London, Augustus Waller alirekodi umeme wa moyo wa mtu bila kuifungua ngozi. Baadaye alikuwa akiwaonyesha watu kwa kumtumia mbwa wake, Jimmy, aliyesimama na miguu ndani ya maji ya chumvi. Mwaka wa 1909 suala likafika Bungeni: je, huo si ukatili? Waziri akajibu kuwa maji yalitiwa chumvi ya kawaida, na kwamba mheshimiwa akiwahi kutia miguu baharini atajua mbwa alihisi nini. Hata mashine ya Einthoven ilimtaka mgonjwa atumbukize mikono miwili na mguu mmoja katika ndoo za maji ya chumvi. Hofu ya mama mkubwa, kumbe, iliwahi kuwapata waheshimiwa.

"Sasa wasikiliza nini?" akauliza. "Si mapigo? Mapigo hata mimi nayasikia."

Swali hilo lilinikwamisha, maana ndipo Kiswahili chetu cha hospitali kinapovuruga mambo: umeme, pigo na mpwito vyote vinatumiwa kama kitu kimoja. Nilimjibu kwa kitu anachokijua. Katika lelemama mmoja huanza, wengine hupokea. Ndani ya moyo, juu katika chumba cha kulia, pana sehemu ndogo inayoanza. Huo ndio umeme. Nyama ya moyo hupokea kwa kujikaza, na hilo ndilo pigo. Mpwito ni unaousikia mkononi, damu ikishafika. Daktari akiweka kifaa chake kifuani anawasikia wapokeaji. Mashine ya waya inamsikiliza mwanzishaji. Mwanzishaji akikosea, wapokeaji hawawezi kumficha.

Kwa mwanzishaji aliyetulia kuliko wote, binti alitupa mfano wa nyumbani. Fuko asiye na manyoya ni mgugunaji wa ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Usimchanganye na fuko la nguo. Sikio langu linamsikia zaidi ndani ya kufukua. Jennifer Jarvis alianza kumchunguza nchini Kenya miaka ya 1960, na leo yumo katika maabara za ng'ambo. Ukubwa wake ni kama wa kipanya, ila aweza kuishi zaidi ya miaka 30. Mwaka wa 2017 watafiti wa Chicago na Berlin walitangaza kwamba walimweka mahali pasipo na oksijeni hata chembe. Vipanya hawakumaliza dakika moja. Fuko alikaa dakika 18, mapigo yakashuka kutoka 200 hivi hadi 50 kwa dakika, kisha hewa iliporudi akaendelea na mambo yake.

"Basi huyo ndiye wa kupimwa," akasema mama mkubwa. Alinyamaza kidogo, halafu: "Wangenambia wasikiliza, ningekwenda zamani."

Muhtasari wa binti tuliumaliza usiku huo. Kila mahali palipokuwa na "kupima umeme wa moyo" tuliweka "kusikiliza umeme wa moyo" pale msemaji anapozungumza na mgonjwa, na "kurekodi" pale anapozungumza na wenzake. Kichwa cha habari sasa kina panya na kipanya.

Jumanne mama mkubwa alikwenda. Alipobandikwa waya kifuani alimuuliza mtaalamu, "Hizi zasikiliza, ama zasema?" Akajibiwa zasikiliza tu, mama. Alirudi na karatasi yake mkobani, akaitandaza mezani karibu na ile ya kipanya, akazitazama kwa muda mrefu.

"Yangu ina nafasi," akasema.

Daktari amemtaka arudi wiki ijayo, avishwe kifaa cha kusikiliza saa 24.