AFYA YA FAMILIA: Tuchambue Simu Zetu Kama Karafuu

Hapa Wete msimu wa karafuu ukifika, kazi haiishii kwenye kuchuma. Jioni hukaa familia nzima kuchambua: karafuu huku, makonyo kule. Wala makonyo hayatupwi ovyo, maana hutolewa mafuta katika kiwanda cha Wawi. Mwezi huu tunapenda tuzungumzie uchambuzi wa namna nyingine, yaani wa simu na barua pepe, kwa kuwa uzembe wetu katika jambo hili uligusa afya ya mama yetu.

Mama alikwenda Dar es Salaam, akakatwa kinyama kwenye uvimbe ili kipimwe. Tuliacha anwani yetu ya barua pepe tutumiwe majibu. Wiki tatu zikapita. Tukajipa moyo kwamba kimya ni dalili njema. Tulipopiga simu, tukaambiwa majibu yalitumwa zamani, lakini barua ilirudi kwa sababu sanduku letu lilikuwa limejaa. Limejaa nini? Matangazo ya biashara na picha za harusi. Mama alichelewa kuanza matibabu kwa ajili ya takataka zetu.

Wanaotumia Gmail hupewa bure nafasi ya gigabaiti 15, nayo ni ya barua, mafaili na picha kwa pamoja. Tangu Juni 2021, picha mpya zinazohifadhiwa huko nazo huhesabiwa. Nafasi ikijaa, barua haziingii wala hazitoki. Basi tufanye nini?

1. Tuokoe kwanza, ndipo tufute. Picha za kadi ya kliniki, cheti cha dawa na majibu ya maabara tuziweke mahali pamoja, zikiwa na jina na tarehe. Aidha, tutoe nakala za karatasi.

2. Tuanze na vitu vizito. Video moja yaweza kula nafasi ya barua mamia. Katika WhatsApp, sehemu ya hifadhi huonyesha mafaili makubwa.

3. Tuwe waangalifu. Picha iliyohifadhiwa mtandaoni, ukiifuta katika Google Photos, hufutika na huko pia. Barua iliyofutwa katika Gmail hukaa kwenye pipa la taka siku 30, kisha hupotea kabisa.

4. Tusifute vya wazee bila kuwauliza. Sauti ya marehemu mumewe iliyomo katika simu ya bibi si takataka.

5. Tutenge nusu saa kila mwezi kwa kazi hii, na vijana wawasaidie wazazi.

Mama anaendelea na dawa, na siku hizi yeye mwenyewe hutuuliza kama sanduku lina nafasi. Nasi tumejifunza kwamba kimya si majibu. Siku uliyoahidiwa ikipita, piga simu.