DALILI ZA MWANZO ZA VIRUSI VYA UKIMWI

Nchini Tanzania, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa mwaka 1983 katika Mkoa wa Kagera. Walikuwa wamekonda sana. Hata leo wako watu wanaodhani kwamba kukonda ni dalili ya kwanza. Sivyo. Kukonda huja baadaye, kwa mtu asiyetumia dawa, na pengine baada ya miaka mingi.

Dalili za mwanzo ni zipi?

Mara nyingi dalili huanza wiki 2 hadi 4 baada ya virusi kuingia mwilini. Mtu huweza kupata homa, kuumwa kichwa, koo na viungo. Tezi za shingoni na kwapani huweza kuvimba. Vipele huweza kutokea mwilini. Wengine hawapati dalili yoyote.

Malaria pia huleta homa. Mafua pia huumiza koo. Kwa hiyo mtu husema, "Ni malaria tu," akameza vidonge. Baada ya muda homa hupoa. Hudhani amepona, kumbe virusi vimebaki. Wakati huo virusi ni vingi sana katika damu. Ni rahisi kumwambukiza mwenzake.

Tufanye nini?

Ukiona homa, nenda zahanati upimwe malaria. Kama ulijamiiana bila kondomu na mtu usiyejua hali yake, mweleze mganga akupime virusi pia. Usione haya. Mganga hutunza siri. Virusi vilivyoingia karibuni huenda visionekane. Kwa hiyo rudi upimwe tena baada ya miezi 3. Wakati unangoja, tumia kondomu.

Kama jambo hilo lilitokea jana au juzi, usingoje homa. Iko dawa ya kuzuia virusi visikae mwilini. Lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita. Humezwa kwa siku 28.

Anayekutwa na virusi huanza dawa mapema, akaimeza kila siku. Virusi hupungua hata visionekane katika kipimo. Vikifikia hapo na akaendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Mtu huyo hulima, hulea watoto wake na huishi miaka mingi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini dalili peke yake hazitoshi kumjua mwenye virusi?
2. Kwa nini mtu hupimwa tena baada ya miezi 3?
3. Katika kijiji chetu, ni nini kinachowazuia watu kwenda kupimwa?