Sura ya 4: Kwao Shujaa

Februari 1996, Nintendo ilitoa nchini Japani michezo miwili ya Game Boy, Pokémon Red na Pokémon Green. Shujaa wake anatoka Pallet Town, kijiji chenye majengo matatu tu: nyumba yao, nyumba ya mpinzani wake, na maabara ya Profesa Oak. Kusini ni bahari. Kaskazini kuna njia moja yenye majani marefu, na kijana akitaka kuyaingia mikono mitupu, bila kiumbe wa kumlinda, profesa anamwahi na kumrudisha. Kijiji chote kinazungukwa kwa muda wa dakika moja. Hata hivyo, watu wazima walioicheza michezo hiyo utotoni bado wanaweza kukichora kijiji hicho bila kutazama popote.

Udogo huo ni kazi ya ufundi. Katika michezo ya aina hii, ambayo wachezaji huiita RPG, mtu anabeba maisha ya mhusika mmoja kwa saa nyingi, akipata nguvu, silaha na marafiki kadiri anavyosafiri. Mwanzoni hajui lolote. Hajui kitufe kipi kinafungua mlango wala nani anafaa kuzungumzishwa. Kijiji cha kwanza ndicho darasa lake: hakuna adui, milango ni michache, na kila mtu ana neno moja la kumfaa. Majani marefu ni uzio, na sauti ya profesa inamfundisha sheria ya dunia nzima ya mchezo huo, kwamba nje kuna hatari na hatoki mtu bila mwenzi.

Kazi ya pili ya kijiji cha kwanza ni kumpa shujaa watu wake. Dragon Quest III, mchezo wa 1988, unaanza na mama anayemwamsha mwanawe siku anapotimiza miaka 16 ili ampeleke kwa mfalme. Chrono Trigger, wa 1995, nao unaanza kwa mama kumwamsha mwanawe kitandani. Tukio lenyewe halimalizi dakika, lakini mchezaji ameshajua kuwa mhusika huyu ana mtu atakayemngoja. Kuanzia hapo, kila hatua ya kwenda mbali ina uzito.

Mbunifu naye ana kwao. Satoshi Tajiri, aliyebuni Pokémon, alikulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, akikamata wadudu mashambani na kwenye madimbwi. Alipokuwa akikua, majengo yalimeza sehemu hizo. Katika mchezo wake, watoto wanatoka tena nje kutafuta viumbe vichakani.

Wabunifu wengine wamemfungamanisha mchezaji na kwao kwa kumnyang'anya. Katika Final Fantasy VII, mchezo wa 1997, kijiji cha Nibelheim alikotoka shujaa Cloud kinateketezwa kwa moto. Baadaye anaporudi anakuta nyumba zote zimesimama kama zamani, ila ndani yake wanaishi watu waliopangwa na kampuni ya Shinra wajifanye wenyeji. Yeyote aliyewahi kurudi mtaani kwao akakuta sura ngeni anajua kwa nini tukio hilo linauma kuliko moto wenyewe. Aurion, mchezo uliotolewa mwaka 2016 na studio ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, unamnyang'anya mwanamfalme Enzo nchi yake ya Zama kwa mapinduzi siku ya kutawazwa kwake. Safari yote ni ya mtu anayetafuta nguvu za kurudi kwao.

Uganda inahusika na habari hii kupitia mbunifu wa michezo Lual Mayen. Alizaliwa wakati familia yake ikikimbia vita vya Sudan, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza kwa miaka 3 hadi akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta. Kambini hakukuwa na umeme, hivyo kijana alitembea saa 3 kwenda kuichaji, akajifunza mwenyewe kutengeneza michezo. Mchezo wake, Salaam, si RPG kamili, lakini unagusa kiini cha sura hii: mchezaji ni mkimbizi anayekimbia vita, na mhusika akiishiwa chakula, maji au dawa, mchezaji anaweza kumnunulia kwa fedha halisi zinazokusudiwa kuwafikia wakimbizi halisi. Mwaka 2018 Mayen alitambuliwa katika tuzo za The Game Awards huko Marekani.

Swali la kurudi, ambalo michezo mingi hulipitia haraka, ndilo ambalo Kampala inaweza kulijibu vizuri. Pallet Town hakibadiliki hata shujaa akiwa bingwa. EarthBound, wa 1994, ulikaribia zaidi: kijana Ness akikaa muda mrefu bila kuzungumza na nyumbani hushikwa na simanzi ya kwao na kuanza kupigana vibaya, mpaka ampigie mama yake simu. Baba yake naye humwekea fedha benki baada ya mapambano. Kampala, fedha hizo huenda upande wa pili. Tangu kampuni ya simu ya MTN ilipoanzisha huduma ya Mobile Money nchini Uganda mwaka 2009, kijana mwenye kibarua katika masoko ya Kikuubo au Owino humtumia mama yake Masaka au Mbale ada ya mdogo wake kwa kubonyeza simu. Desemba ikifika, kituo cha magari cha Old Taxi Park hufurika, nauli hupanda, na abiria hupanda na sukari, sabuni na mikate. Kwa wengi wao, Kampala ni mahali pa mapambano, na kwao ni kule gari linakokwenda.

Mbunifu wa Kampala ana utaratibu wa mchezo tayari mikononi. Shujaa wake aondoke kijijini akiwa na deni: nauli aliyochangiwa na majirani, jogoo aliyeuzwa na shangazi. Akishafika mjini, apewe mtaa mmoja tu wa kujifunzia. Vilima humsaidia mbunifu kuweka alama zinazoonekana kutoka mbali: msikiti wa Kibuli, kanisa kuu la Namirembe, makaburi ya makabaka, wafalme wa Buganda, huko Kasubi. Mabonde yenye mafunjo yanakuwa uzio. Kibanda cha rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, kinarudisha nguvu. Vijana wa steji ya boda ndio wenye habari zote, na wazee wanaocheza omweso, ubao wa mashimo 32 na kete 64, wanamfundisha kupiga hesabu kabla ya kushambulia.

Kisha ziara za nyumbani zipangwe angalau tatu. Ya kwanza arudi mikono mitupu, aone aibu. Ya pili arudi na bati za paa la mama yake, na picha ya nyumba ibadilike kweli kwenye skrini. Ya tatu amkute kijana mwingine anayetaka kuondoka, aamue amchangie nauli au la. Mabadiliko hayo yanadai michoro michache na kurasa kadhaa za mazungumzo, gharama ambayo studio ndogo inaimudu, mradi yaingizwe kwenye mpango wa kazi kabla pango la kwanza la maadui halijachorwa.