Bo Jackson na Mfupa Uliokosa Damu

Wasomaji wenzangu, sisi tukitaja mpira twafikiri mpira wa miguu tu. Huko Marekani upo mpira mwingine, ambao mchezaji huukumbatia mkononi akakimbia nao, na wapinzani wana ruhusa kumkamata na kumwangusha chini. Katika kila timu wako watu ambao kazi yao kubwa ni kukimbia na mpira huo. Napenda kuwaeleza habari za mmoja wao, Bo Jackson, na sababu iliyomtoa uwanjani angali kijana.

Jackson alizaliwa mwaka 1962 katika mji wa Bessemer, jimbo la Alabama, mtoto wa nane katika watoto kumi. Alisoma Chuo Kikuu cha Auburn, na mwaka 1985 alipewa Heisman, tuzo kubwa ya wachezaji wa mpira huo katika vyuo. Baadaye alifanya jambo la ajabu: alicheza michezo miwili kwa mshahara. Kwanza alicheza besiboli, mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa gongo, katika timu ya Kansas City Royals. Kisha, tangu mwaka 1987, kila msimu wa besiboli ulipokwisha alikwenda kukimbia na mpira katika timu ya Los Angeles Raiders. Tarehe 30 Novemba 1987, siku aliyotimiza miaka 25, alikimbia jumla ya yadi 221 katika mchezo mmoja mjini Seattle. Mara moja alichomoka yadi 91 bila kukamatwa, na uwanja wenyewe ni yadi 100.

Tarehe 13 Januari 1991 Raiders walicheza na Cincinnati Bengals. Jackson alikimbia yadi 34, ndipo mpinzani alipomkamata kwa nyuma. Kuanguka kwake hakukuwa kwa kutisha machoni pa watu. Lakini mwili ulikuwa ungali unakwenda mbele kwa nguvu hali mguu umeshikwa, na nguvu hiyo ikaishia nyongani.

Labda mtauliza, je, nyonga haiponi? Fupa la paja lina kichwa cha mviringo, nacho hukaa ndani ya shimo la mfupa wa nyonga kama mchi katika kinu. Kichwa hicho hupata damu kwa mishipa midogo ipitayo kwenye shingo ya fupa. Kikisukumwa kutoka mahali pake, mishipa hiyo yaweza kukatika au kubanwa. Mfupa nao ni kitu hai kama nyama, ukikosa damu hufa. Haufi kwa siku moja. Kwa muda wa miezi hudhoofika na kubonyea, na ile ngozi laini iufunikayo huchakaa, hata mfupa ukasagana na mfupa.

Ndivyo ilivyompata Jackson. Alikuwa na miaka 28, amecheza michezo 38 tu ya ligi ya mpira ule, na hakuucheza tena. Mwaka 1992 madaktari walimtia nyonga ya kutengenezwa. Hata hivyo alirudi kwenye besiboli, katika timu ya Chicago White Sox. Aprili 1993, mara yake ya kwanza kushika gongo katika msimu ule, aliupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja. Aliacha kucheza mwaka 1994.

Basi, habari hizi zatuhusu sisi pia. Nyonga iliyoteguka hutakiwa irudishwe na daktari katika muda wa saa chache, kwa kuwa kadiri mfupa unavyokosa damu ndivyo hatari inavyozidi. Katika viwanja vyetu nimeona mara nyingi mchezaji akianguka, wenzake wakauvuta mguu wake palepale, naye akajikaza asije akakosa mchezo wa Jumamosi. Sisi humsifu kwa kuwa mwanamume. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ndugu zangu, aumiaye asivutwe wala asisimamishwe, alazwe kwenye machela apelekwe hospitali. Nafasi yake katika timu yaweza kushikwa na mwingine Jumamosi hiyo, bali mguu wake hauna wa akiba.